Kamera unayo, mbona uso bado unatoka bapa?

Swali tunaloletewa zaidi na wateja wa warsha zetu za mtandaoni za upigaji picha za filamu ni hili: ninunue kamera gani? Mara nyingi waliyo nayo inatosha. Wameshatazama mafunzo ya bure mtandaoni hadi vitufe wamevikariri. Wanajua kwamba ukirekodi fremu 24 kwa sekunde, kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, huwekwa karibu na 1/50 ya sekunde. Wanajua kwamba kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, taa za tangsteni (zile za manjano) zina 3200 na mwanga wa mchana hukaribia 5600. Kisha wanamrekodi mtu ameketi chumbani, na uso unatoka bapa kama picha ya kitambulisho.

Mafunzo hayo si mabaya. Kasoro yake ni kwamba hukuonyesha picha iliyokwishakamilika na namba zake, ila maamuzi yaliyoizaa huyasikii. Mpigapicha za filamu aliyekomaa akiingia chumbani hakimbilii kamera. Anatazama dirisha liko wapi, anauliza jua litafika wapi baada ya saa mbili na kama mwigizaji atatembea au atakaa, halafu anaanza kuzima taa. Ya dari ndiyo hutangulia, kwa sababu humulika kuta na paji la uso na kuyaacha macho gizani. Lakini mwaka 1972, katika filamu ya The Godfather, mpigapicha Gordon Willis alimmulika mwigizaji Marlon Brando kutoka juu kwa makusudi, na macho yakazama kwenye kivuli. Sababu mojawapo ilikuwa vipodozi alivyopakwa mwigizaji huyo. Anayeona matokeo tu ataiga taa ya juu kila mahali. Anayeijua sababu atajua pia lini asiitumie.

Ndiyo maana warsha zetu za video zinaongozwa na watu ambao bado wanafanya kazi kwenye seti, pale filamu zinaporekodiwa, na tunawarekodi wakifikiri kwa sauti. Chukua umbali wa taa, somo ambalo wengi hulipita haraka. Taa ndogo ikiwa mita 1 kutoka usoni na mita 3 kutoka ukutani, ukuta unapata takriban sehemu moja ya tisa ya mwanga unaofika usoni. Mtu anajitenga na ukuta, picha inapata kina. Irudishe nyuma taa ileile hadi iwe mita 4 kutoka usoni na 6 kutoka ukutani: sasa ukuta unapata karibu nusu ya mwanga wa usoni, na kila kitu kinaanza kulingana. Hujanunua chochote, umesogeza stendi tu. Mwalimu anafanya hivyo mbele yako, kamera ya pili ikionyesha chumba kizima, na akikosea hatukati. Kwa maoni yetu, dakika anazotumia kurekebisha kosa ndizo zenye thamani kuliko zote.

Baada ya kila somo unapewa zoezi, unarekodi kwa kifaa chako, unatuma. Kisha kuna kikao cha moja kwa moja ambapo mwalimu anafungua kazi zenu na kuzijadili shoti kwa shoti. Tunaweka vikundi vidogo kwa sababu hiyo. Kikundi kikiwa kikubwa, kazi yako haitaangaliwa kwa makini.

Kuna jambo moja linalowasumbua wanafunzi wa mtandaoni bila wao kujua: skrini. Simu iliyowashwa mwangaza wa kujirekebisha, au hali ya usiku inayotia umanjano, inakudanganya kuhusu mwanga tunaoujadili. Vizime vyote viwili na ukae mahali pasipo jua. Video ya intaneti nayo hubanwa ili ipite kwa urahisi, na sehemu za giza ndizo huharibika mapema, zikawa na mistari na vipande vipande. Kwa masomo ya vivuli tunaweka picha tuli za ubora wa juu za kupakua.

Yapo tusiyoweza kukufundisha kwa mbali. Kubeba kamera begani siku nzima, au kufuata fokasi (ukali wa picha) kwa mkono mwigizaji anapokujia, ni mambo ya mwili; mwalimu atakuonyesha, ila utayapata kwa kurudia. Ukipata nafasi ya kuwa msaidizi kwenye seti, hata wa kubeba nyaya, ichukue, warsha itakusubiri.

Zoezi la kwanza halihitaji hata taa. Mweke mtu mmoja karibu na dirisha moja, mrekodi akilitazama, akiwa ubavu kwa ubavu nalo, kisha akilipa mgongo. Kama unatumia simu, funga mwangaza na rangi visijibadilishe kabla ya kubonyeza, la sivyo simu itabadilisha picha katikati ya shoti. Tuma faili kama lilivyotoka, bila kurekebisha rangi na bila muziki. Mwalimu anataka kuona ulichokiona wewe pale dirishani, na programu ya uhariri humzibia.