Barabara kubwa ikifungwa, magari yatakatiza kwetu

Majirani, habari za asubuhi. Teksi na bodaboda zitapitia njia yetu ya murram (changarawe, haina lami), ambayo magari mawili hayapishani penye gari lililoegeshwa. Egesheni upande mmoja tu, usio na mtaro. Malori ndiyo balaa: yakikanyaga ukingo wa kalvati, bomba lake la kupitishia maji chini ya njia hupasuka na mvua ikinyesha maji yatapanda hadi vibarazani. Tumwombe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji chetu) kibao cha kuyazuia kiwekwe kabla ya kona. Lori likishaingia halina pa kugeukia.

Anayeweza ahesabu magari kwa dakika 15, saa moja asubuhi, bodaboda azihesabu peke yake, kisha azidishe kwa 4 kupata makadirio ya saa nzima. Tuanze kesho, kabla barabara kubwa haijafungwa, la sivyo tutalinganisha na nini? Matuta ya udongo msijenge jamani, yanatuamisha maji.