Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulipowauliza watu kama wameridhika na mahakama

Ndugu wanachama, wasaidizi wa kisheria wenzangu,

Habari za asubuhi, na poleni na safari. Najua waliotoka kata za mbali wameondoka alfajiri. Mambo ya ada na hesabu ameyaandaa mweka hazina, naye atayasoma baada yangu. Mimi muda wangu nautumia kwenye kazi moja tuliyoifanya mwaka huu: kuwauliza tunaowasaidia wameridhika kiasi gani na mahakama.

Mnakumbuka tulikoanzia. Tafiti za REPOA, taasisi ya utafiti ya hapa nchini, kuhusu huduma za Mahakama ya Tanzania zilionyesha kwamba walioridhika walikuwa asilimia 61 mwaka 2015, asilimia 78 mwaka 2019 na asilimia 88 mwaka 2023. Katika kipindi hicho zilizinduliwa mahakama zinazotembea, vikafunguliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, ambavyo huweka ngazi kadhaa za mahakama katika jengo moja, na mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sina ugomvi na takwimu hizo, mabadiliko nayaona kwa macho. Lakini anayekuja kugonga mlango wetu mara nyingi ni yule aliyebaki nje ya hiyo 88, na ni wajibu wetu kujua kilichomkwaza.

Tulianza vibaya, na kosa hilo nalibeba mimi kwa sababu dodoso niliandika mimi. Swali la kwanza lilikuwa, "Je, umeridhika na huduma ya mahakama?" Tukasimama getini, askari akituona, tukauliza. Karibu kila mtu alisema ameridhika.

Mama mmoja wa shauri la mirathi naye alijibu hivyohivyo: "Nimeridhika, mwanangu." Kisha akaketi kwenye benchi la mama ntilie ng'ambo ya barabara, akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na tarehe sita, kila moja kwa mwandiko wake, tano zimepigwa mstari. Mara zote tano alilipa bodaboda, akafika, akaambiwa shauri limeahirishwa. Ya sita ilikuwa siku ileile, na alikuwa ametoka tu kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hakuna aliyemweleza sababu. Nilipomuuliza mbona amesema ameridhika, akanijibu, "Sasa nifanyeje?"

Ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu aliyefiwa naye husema ameridhika na kazi ya Mungu. Neno hilo linabeba subira, adabu na kukata tamaa kwa pamoja. Ukilitumia peke yake kama kipimo, unapima uvumilivu wa watu.

Tukalifuta dodoso lote. Kwa wenzetu wa Marekani tulichukua utaratibu wa CourTools, yaani vipimo vya utendaji wa mahakama vilivyotolewa mwaka 2005, unaotenganisha mambo ya kuifikia mahakama na mambo ya kutendewa haki ukiwa ndani. Kwa Baraza la Ulaya, ambalo tume yake ya ufanisi wa mahakama, CEPEJ, ilitoa mwongozo wa tafiti za namna hii mwaka 2010, tulichukua mtindo wa kuuliza kila jambo mara mbili: lina umuhimu gani kwako, na limekwendaje. Hapo mtu anaweza kukwambia viti vilikuwa vizuri lakini viti si shida yake. Tukaacha maneno makubwa, tukauliza vitu vya kuhesabika. Ulikuja mara ngapi? Uliitwa saa ngapi, ukaingia saa ngapi? Hakimu alikuacha umalize kusema? Ulielezwa sababu ya uamuzi? Nakala ya hukumu ulipewa lini? Hilo la mwisho msilione dogo: anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ana siku 30 tu.

Pia tuliacha kuuliza getini. Sasa tunauliza kituo cha daladala na siku za gulio, na jina la mtu haliandikwi.

Majibu yaligeuka. Kuna bwana aliyeshindwa shauri la deni, akatuambia hana kinyongo na hakimu: alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha ni hati ipi ilimponza. Kuna mwingine aliyeshinda ambaye bado ana uchungu, kwa kuwa hukumu haijakazwa, yaani haijatekelezwa, na mdaiwa wake wanakutana sokoni kila wiki. Jambo hili mtafiti wa Marekani, Tom Tyler, na wenzake walilikuta Chicago mwaka 1984, walipowahoji wakazi 1,575: namna mtu alivyotendewa ilikuwa na uzito kuliko kushinda au kushindwa. Nilikuwa nimelisoma tu. Kulisikia kwa mtu niliyemjazia fomu kwa mkono wangu ni jambo jingine.

Kuna kasoro moja bado haijatutoka. Wengi wakisema "mahakama" wana maana ya polisi, baraza la kata, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo sheria ya mwaka 2002 iliweka chini ya wizara ya ardhi. Lawama za shamba zinaangukia mahakimu ambao hawakuligusa shauri hilo. Muulizeni mtu kwanza alikaa mbele ya nani na katika jengo gani.

Na wale walioacha kuja kabisa, hasa wajane na vibarua wa mashambani, hakuna kituo cha daladala utakapowakuta. Hao ndio kazi ya mwaka ujao, na itabidi tuwafuate majumbani. Naomba mkutano huu upitishe nauli za kazi hiyo hata ikibidi tuahirishe kununua meza mpya. Matokeo ya mwaka huu tutayapeleka kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama, bila jina la mtu hata mmoja.

Madaftari mapya yako mezani kwa katibu. Kila kata ichukue mawili kabla ya chakula cha mchana.