Shin kubadilisha maelezo hakujafuta kambi

Mhariri,

Nimeichoka hii hoja, kila mkigusia kambi za wafungwa wa kisiasa za Korea Kaskazini lazima atokee mtu aseme achaneni nazo, si hata yule Shin Dong-hyuk mwenyewe, yule aliyetoroka kambini akaja kusimulia dunia, alikiri kudanganya. Haya, tuongee.

Ni kweli Januari 2015 alikiri kwamba baadhi ya aliyosimulia yalitokea Kambi ya 18 na siyo ya 14, na miaka nayo aliichanganya. Mi iliniuma, maana nilishawasimulia watu kibao ile ya kutoroka kwake 2005, mwenzake alivyonaswa na nyaya za umeme akafia palepale na yeye akapita juu ya mwili wake ndo akatoka. Lakini hizo kambi mbili zilikuwa zinatazamana, katikati mto Taedong, sasa watu wanabishania mateso yalikuwa ng'ambo ipi halafu mtu anaondoka na jibu kwamba hayakuwepo kabisa!

Alafu kuna kipindi alificha kwamba yeye ndo alimchongea mama yake mzazi kwa walinzi. Jamani, hilo ungelisema siku ya kwanza mbele ya mwandishi usiyemjua?

Na hata tukimweka Shin pembeni, Kang Chol-hwan je, mfungwa mwingine wa zamani? Alipelekwa kambi ya Yodok mwaka 1977 ana miaka 9, kosa la babu yake, maana kule akishutumiwa mmoja wanazoa ukoo mpaka kizazi cha tatu. Kakaa miaka 10, kazi za suluba na mahindi kiduchu, nyama ni panya ukibahatika kumkamata. Ahn Myong-chol ndo usiseme, huyo hakuwa mfungwa, alikuwa mlinzi na dereva kambini, akakimbia 1994, na yeye ndo anaeleza walivyofundishwa kuwa wafungwa si watu. Huyo naye mtasema anatafuta kuonewa huruma? Picha za satelaiti zipo, na tume ya Umoja wa Mataifa ya jaji Michael Kirby ilikadiria mwaka 2014 kwamba waliofungwa humo ni kati ya 80,000 na 120,000.

Ila na nyie mhariri nina neno na nyie, habari zenu zinaishiaga kwenye uzio, jamaa karuka uzio, basi, katoroka. Kutoroka gani huko? Akivuka mto Tumen wa mpakani anaingia China, na China inamhesabu kama mtu aliyefuata riziki, siyo mkimbizi, ikimkamata inamrudisha, japo mkataba wa wakimbizi iliingia tangu 1982. Akirudishwa anahojiwa kwanza, ulionana na Wakorea Kusini? uliingia kanisani? Na akionekana alifanya moja kati ya hayo, anaweza kujikuta anapelekwa kulekule kambini.

Msomaji wenu