Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Wakazi wa Jirani na Mgodi

Ndugu wanachama,

Mengi mnayajua, sitawachosha. Vikao vya kamati vimefanyika, miti imepandwa kando ya barabara ya malori, na bowza la kumwagia vumbi maji linapita, japo si kila siku. Wanachama 186, waliolipa ada 47, makusanyo shilingi 470,000, matumizi 455,000.

Sasa madawati. Najua ndiyo yaliyowaleta, maana mkutano wa Machi tulikuwa watu 9 na leo viti havitoshi.

Ni kweli kampuni ilitaka kutukabidhi madawati na jezi, na kamati chini ya uenyekiti wangu ikakataa kupokea. Yakaenda kijiji jirani, nami sokoni nikaitwa adui wa watoto. Marekebisho ya 2017 yaliingiza katika Sheria ya Madini ya Tanzania kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri na ufuate vipaumbele vya eneo. Vipaumbele tulivyopeleka, kwa muhtasari nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, ni maji na zahanati. Madawati hayakuwamo. Tungepiga picha ya makabidhiano, tungeambiwa mwaka huu mmeshapewa.

Pampu ya shuleni, iliyoletwa nje ya mpango kama huo, si mnaiona? Ilizinduliwa kwa utepe na muziki. Washa, ile pete ya mpira ya ndani ya pampu, ilipokwisha, hakuna aliyejua inanunuliwa wapi wala kwa fungu la nani. Mpini umefungwa kamba ya katani hadi leo. Kinachong'aa ni kibao cha uzinduzi. Ingekuwa ndani ya mpango, tungekuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa sheria inaitaka halmashauri isimamie utekelezaji. India, sheria yao ya makampuni ya 2013 inazidai kampuni kubwa asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Kifungu chetu hakitaji asilimia, kwa hiyo kinachopatikana ni cha kukaa na kuvutana. Nimevutana peke yangu mara nyingi, wengine mkiwa na udhuru.

Wanaodai nilipewa chochote, daftari la fedha liko mezani. Lina shilingi 15,000.

Mwakani, Mungu akipenda, tutawahi kikao cha mpango na kuomba nakala iliyosainiwa. Zahanati tunaendelea kufuatilia.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti