Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chama Chetu cha Wamiliki wa Nyumba: Kanuni Zitangulie Kamera

Ndugu Mwenyekiti,

Ninakuandikia nikiwa mwanachama na mmiliki wa nyumba katika makazi haya yanayosimamiwa na bodi yako hapa California. Nimeamua kuiweka barua hii wazi kwa sababu jambo ninalolileta linawagusa wote wanaoishi au kupita hapa, wakiwamo wapangaji, wageni na wafanyakazi wa majumbani ambao hawana kura katika mikutano yetu. Jambo lenyewe ni kamera za ulinzi: zile zilizokwisha kufungwa langoni, kwenye maegesho na kando ya njia za waenda kwa miguu, pamoja na zile ambazo bodi inakusudia kuzinunua, zikiwamo za kusoma namba za magari. Ombi langu ni kwamba kabla ya kamera hata moja kuongezwa, bodi iandike na kutangaza kanuni zinazoeleza kamera hizi ni za kazi gani, nani anaruhusiwa kutazama picha zake, picha hizo zinatunzwa kwa muda gani, na nani anaweza kukabidhiwa.

Sipingi kamera. Magari ya majirani yalipovunjwa vioo usiku mara kwa mara, nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono kuunga mkono kamera za maegesho, na nikiulizwa leo nitaunyoosha tena. Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba uhalifu katika maeneo yaliyofungwa kamera ulipungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganishwa na maeneo yasiyo nazo, na kwamba mafanikio makubwa zaidi yalionekana katika maegesho ya magari. Mapitio hayohayo hayakuona tofauti ya maana kwa uhalifu wa kutumia nguvu. Kwa hiyo kamera ina mahali pake na ina kazi yake, na anayetaka kuifunga mahali pengine kwa kazi nyingine anapaswa kutueleza sababu.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Wiki chache zilizopita nilipokea kutoka kwa chama chetu, ambacho hutoza faini kwa anayevunja kanuni za makazi, barua ya onyo na faini ya dola 50 kwa kuacha pipa la taka kando ya barabara baada ya muda uliowekwa. Kosa nililitenda na faini nimeilipa. Lakini barua ile iliambatanishwa na picha iliyotoka kwenye kamera ya njia ya waenda kwa miguu, kamera ambayo tuliambiwa imefungwa kwa ajili ya wezi wa magari. Nyuma ya pipa, mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi, na ndani, sebuleni, ameonekana mama yangu mzazi, aliyekuja kukaa nasi akijiuguza, ameketi bila mtandio kichwani kama anavyokaa mtu aliye nyumbani kwake. Mama yangu ana zaidi ya miaka 70, na katika umri wake wote hakuna mwanamume asiye wa familia aliyemwona katika hali ile. Sijui ni watu wangapi waliipitia picha hiyo kabla haijanifikia: msimamizi, karani aliyeichapa, pengine wajumbe wa bodi. Nilipouliza, sikupata jibu. Mama hakunilaumu, aliniomba tu niwe nafunga mlango mchana, na tangu siku hiyo tunaufunga.

Siamini kwamba kuna aliyekusudia kumdhalilisha mama yangu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu halikuhitaji nia mbaya. Kamera ilielekezwa ovyo, haikuwa na kanuni, na mwenye ufunguo wake akaona inafaa kutafutia mapipa. Leo ni mapipa; kesho mtu atataka kujua binti wa jirani alirudi saa ngapi, au gari la nani lililala kwa mjane wa nyumba ya pembeni.

Kuhusu anayetazama, yako mambo yaliyokwisha kutokea ambayo bodi haiwezi kuyapuuza. Mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, inayouza kamera za majumbani, kwa kuwaachia wafanyakazi na makandarasi wake kufikia video za siri za wateja, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 5.8. Katika malalamiko hayo ilielezwa kwamba mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake, zikiwamo zilizochukuliwa bafuni na vyumbani mwa kulala. Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Machi 2021, wadukuzi waliingia katika mfumo wa Verkada, kampuni ya kamera za ulinzi za taasisi, na kudai kwamba wameziona picha za kamera zipatazo 150,000 zilizofungwa hospitalini, magerezani na shuleni. Hizo ni kampuni zenye wataalamu wa usalama. Sisi tuna kompyuta moja katika ofisi ya msimamizi, na nijuavyo nywila yake haijabadilishwa tangu kamera zifungwe.

Huenda ukajibiwa na wanasheria kwamba chama chetu si serikali, na kwamba Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayowakinga watu dhidi ya upekuzi usio na sababu, yanaibana serikali tu. Hilo ni kweli. Lakini wapiga kura wa California waliongeza neno faragha katika haki za msingi za Katiba ya jimbo mwaka 1972, na mwaka 1994 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo iliamua kwamba haki hiyo inaweza kudaiwa pia dhidi ya taasisi binafsi. Kwa hiyo bodi isijifiche nyuma ya jina la chama binafsi.

Kwa kamera za kusoma namba za magari, sheria iko wazi zaidi. Tangu Januari 2016, yeyote anayeendesha mfumo wa namna hiyo California, hata kama si chombo cha dola, anatakiwa kuwa na sera iliyoandikwa ya matumizi na faragha, kuiweka kwenye tovuti yake kama anayo, na kutunza kumbukumbu ya kila anayeingia kutafuta gari: tarehe na saa, namba iliyotafutwa, aliyeitafuta na sababu yake. Nimeupitia muhtasari wa ununuzi mliotupa. Una bei, una idadi ya kamera, una picha ya nguzo zitakazosimikwa, lakini hauna neno hata moja kuhusu sera hiyo. Wala usidhani kwamba namba ya gari ni jambo dogo kwa kuwa iko nje na kila mtu huiona. Jirani anayeiona mara moja huisahau. Mfumo unaoiandika kila unapoingia na kutoka, mwezi baada ya mwezi, unajua siku unazokwenda kuswali, wiki uliyolala hospitalini, na usiku uliotoka nyumbani kwa hasira. Jimbo la New Hampshire liliona uzito huo kiasi kwamba sheria yake inataka data za namba zisizohusiana na gari linalotafutwa zifutwe ndani ya dakika 3. Siombi dakika 3. Ninaomba muda wowote unaojulikana, nami napendekeza usizidi siku 30.

Sauti ni jambo jingine, nami nitalisema kwa ufupi. Baadhi ya kamera zetu zina maikrofoni. Sheria ya jinai ya California inakataza kurekodi mazungumzo ya siri bila ridhaa ya wote wanaozungumza, na kila kosa linaweza kutozwa faini ya hadi dola 2,500. Uingereza nako, mahakama ya Oxford mwaka 2021 iliona kwamba sauti zilizonaswa na kamera za mwenye nyumba mmoja, kutoka mbali na mlango wake, zilikuwa tatizo kubwa zaidi hata kuliko picha zenyewe. Maikrofoni zizimwe zote, leo.

Kuhusu kanuni ninazoziomba, nadhani zinaweza kuenea katika kurasa mbili. Zitaje kila kamera mahali ilipo na kitu inachokiangalia, na pale ambapo mlango, dirisha au baraza ya mtu inaingia katika picha, sehemu hiyo ifunikwe. Kamera nyingi za siku hizi zina uwezo wa kuziba eneo fulani la picha, na ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Ziseme kwamba picha hutazamwa baada ya tukio kuripotiwa na si kwa kuvinjari, kwamba watazamaji ni watu wawili waliotajwa kwa vyeo vyao, na kwamba kila wanapofungua wanaandika jina na sababu. Polisi wapewe picha kwa amri ya mahakama, au kwa uamuzi wa bodi unaoandikwa katika kumbukumbu za kikao, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Na zaidi ya yote, zikataze picha za kamera za ulinzi kutumika kutoza faini za mapipa, bustani, rangi za milango na wageni. Wapo majirani wasiokubaliana nami katika hili la mwisho, wanaosema kosa ni kosa bila kujali lilionekanaje. Ninaheshimu hoja yao, lakini tulipopiga kura hatukuulizwa hivyo.

Sheria inayoongoza vyama vyetu inaitaka bodi iwape wanachama taarifa ya siku zisizopungua 28 kabla ya kubadilisha kanuni za uendeshaji, na itangaze ajenda ya kikao siku zisizopungua 4 kabla. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha wazi, rasimu ya kanuni isambazwe kwa wanachama, na ununuzi wa kamera mpya usimame hadi hapo. Nitahudhuria na nitaomba nafasi ya kuzungumza.

Mwisho, picha ya mama yangu. Naomba ifutwe kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye barua pepe zote ilikopitia na kwenye faili langu, na nipewe kwa maandishi jina la kila aliyeiona pamoja na tarehe ilipofutwa. Mama anarudi kwake mwishoni mwa mwezi huu, na ningependa nimsomee jibu hilo kabla hajaondoka.

Wako katika ujirani,

Mwanachama na mmiliki wa nyumba