Khamis, orodha hiyo ichane

Dar es Salaam

Ndugu yangu Khamis,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, Mama anakusalimu na anauliza halua yake iko wapi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na nusu yake ni majina ya vitu unavyotaka kupakua ili uanze kutengeneza muziki kwenye laptop. Nimeona heri nikuandikie, maana tukipigiana simu tutaishia kwenye Simba na Yanga.

Orodha hiyo ichane. Laptop yako ina RAM ya gigabaiti 8 na bando lako ni la kuhesabu. Maktaba kubwa za okestra, yaani mikusanyiko ya sauti za vyombo zilizorekodiwa, zinakula makumi ya gigabaiti, nyingine mamia, halafu ukizifungua kompyuta inahema kabla hujabonyeza noti ya kwanza. Anayeanza hakosi sauti, bwana. Anakosa kumaliza wimbo. Utakesha unasikiliza kiki, ule mlio wa ngoma nzito, moja baada ya nyingine ukitafuta iliyo tamu zaidi, kunakucha huna hata kiitikio.

Programu ya kutengenezea muziki kwanza. Najua unaitaka FL Studio kwa sababu kila prodyuza mtaani anayo. Si mbaya hata kidogo: Wabelgiji wa Image-Line waliitoa 1997 ikiitwa FruityLoops, na ukishainunua matoleo yote yanayofuata ni yako bila kulipa tena. Ila toleo la majaribio lina mtego wake. Linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga huifungui tena mpaka ulipie. Kwa hiyo mimi nakushauri Reaper, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Kuipakua ni megabaiti chache tu, inakwenda hata kwenye mashine iliyochoka, siku 60 za majaribio hazina kilichofungwa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kasoro yake ni kwamba inakuja mikono mitupu, karibu haina vyombo. Sura yake nayo haivutii, utaizoea.

Yule kijana anayeuza kreki, programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, kwenye fleshi achana naye. Mtu akikwambia uzime kwanza kinga ya virusi ndipo uingize programu yake, unahitaji kuelezwa nini tena?

Vyombo sasa. Chukua LABS ya Spitfire Audio, kampuni ya London, ni bure: ina piano laini na nyuzi nzuri za kulaza chini ya sauti ya mwimbaji. Hao hao wana BBC Symphony Orchestra Discover, okestra nzima kwa megabaiti kama 200. Kwa sauti za sintesaiza, zile zinazotengenezwa na mashine yenyewe, chukua Vital, toleo la bure linatosha. Ukitaka Kontakt Player, programu ya bure ya kuchezea maktaba za sauti, ichukue, lakini soma vizuri kabla ya kupakua maktaba za kuchezea humo: iliyoandikwa kwamba inataka Kontakt kamili, ile ya kulipia, itacheza dakika 15, kisha inanyamaza. Baada ya hapo usipakue kitu kingine mpaka umalize nyimbo tatu. Zikiwa mbaya pia sawa.

Ulilalamika kwamba unabonyeza kibodi na sauti inachelewa. Kompyuta si mbovu. Weka ASIO4ALL, kiprogramu cha kuharakisha sauti kwenye Windows, kama bado huna saundikadi (kifaa cha pembeni cha sauti), kisha shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa. Sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde (kila kipimo huitwa sampuli), bafa ya sampuli 512 peke yake inakuchelewesha karibu milisekunde 12. Ya 128 ni kama 3. Ukirekodi shusha, ukifika kwenye kuchanganya ipandishe mpaka 1024 ili sauti isikatikekatike.

Sasa lile uliloliuliza mwishoni kabisa, ambalo mimi ningeanza nalo: kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Unataka biti yenye ladha ya taarabu, na umeona maktaba ya sauti za Mashariki ya bei ya kutisha. Vyombo vingi vya kwenye kompyuta vimepangwa kwa noti za piano, 12 zenye nafasi sawa. Ile noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqam (mipangilio ya noti ya Kiarabu), haimo humo. Bonyeza mi ya kawaida, unasikia kwaya. Ishushe nusu toni, unasikia msiba. Mjomba wako anaipiga katikati, karibu senti 50 chini ya mi (senti 100 ni nusu toni), na hata hiyo 50 si amri: kwenye Bayati, maqam nyingine, inalala chini kidogo kuliko kwenye Rast. Sikio lake linajua, kitufe hakijui.

Na wewe uko Unguja, mji wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanza 1905! Unataka kununua kanuni iliyorekodiwa Ulaya ilhali mjomba wako anayo sebuleni?

Nenda kwake asubuhi kabla pikipiki hazijaanza. Zima feni na friji, tundika mapazia mazito au simamisha godoro nyuma ya maikrofoni. Mwombe apige kila noti polepole, kwa nguvu ndogo, ya kati na kubwa, na asiguse nyuzi mpaka mlio ufe wenyewe. Kila noti airudie mara nne au tano, kwa sababu rekodi moja ikijirudia haraka husikika kama cherehani. Halafu ainue vile vidude vya chuma vinavyobadilisha sauti ya nyuzi, aanze upya. Reaper ina kisampla chake, yaani chombo cha kupigia sauti ulizorekodi, ReaSamplOmatic5000: kila sauti unaipa kitufe chake na kuirekebisha kwa senti. Kazi inachosha mgongo, lakini hiyo kanuni hatakuwa nayo prodyuza mwingine yeyote. Ila mkubaliane mapema na mzee kuhusu jina lake na pesa.

Lupu za kununua, yaani vipande vya muziki vya kurudiarudia, hata zilizoandikwa kwamba hazidaiwi mrabaha, kwa kawaida unaruhusiwa kuzitumia ndani ya wimbo, si kuziuza tena kama lupu. Na mwenzio akitumia lupu hiyo hiyo, YouTube inaweza kukudai wewe kana kwamba umemwibia. Vijana wa singeli huku kwetu walikata vipande vya taarabu wakaviendesha kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na dunia ikacheza. Ladha waliipata bila maktaba ya maana, ingawa wenye nyimbo zile sijui walifaidi nini.

Ukimaliza kurekodi nitumie faili za WAV, sauti isiyobanwa, za bit 24, kila noti faili lake, na jina lake liandike. Usizipitishe kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, zitabanwa zibaki maganda. Zikiwa nzito mpe fleshi mtu wa boti, nitaipokea bandarini. Kuzikata na kuzipanga nitakusaidia mimi.

Msalimie mjomba na wote nyumbani.

Nduguyo,
Idrisa