Muuza sabuni ana refa, wanasiasa hawana

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Machi 2024 shangazi alinipigia kutoka Tanga usiku, roho juu, "mwanangu rudi nyumbani, huko London mnauana stesheni!" Kumbe kuna mtu kamrushia WhatsApp tangazo la chama cha Conservative la kumponda meya wa London, Sadiq Khan, watu wanakimbizana wamechanganyikiwa huku sauti nzito inasema jiji limejaa uhalifu. Sasa shangazi atajuaje kwamba ile sio London kabisa, ni stesheni ya Penn, New York, mwaka 2017, na hata huko hapakuwa na risasi, watu walitimka kwa uvumi tu! Walipobanwa wakaifuta, wakakata kile kipande, wakairusha upya. Khan akashinda uchaguzi wa umeya lakini shangazi nani kamtumia masahihisho?

Kinachonikera ni kwamba Uingereza ukiuza sabuni ukasema inatoa doa na haitoi, unashtakiwa kwa wasimamizi wa matangazo na tangazo linashushwa. Chama je? Mwaka 1996 Conservative walimbandika Tony Blair, kiongozi wa chama pinzani cha Labour, macho mekundu ya shetani na wasimamizi wakawakemea, ila ilipofika 1999 wasimamizi hao wakajitoa kabisa kwenye matangazo ya kampeni. Kumsingizia mgombea tabia yake binafsi bado ni kosa kisheria, lakini namba za kutisha we mwaga tu.

Mfano ambao mimi sijausahau ni kura ya maoni ya 2011 ya kubadili mfumo wa kupiga kura. Waliokuwa wanapinga wakaweka picha ya kichanga hospitalini, ujumbe ni kwamba huyu anahitaji matibabu sio mfumo mpya, na eti gharama ni pauni milioni 250. Ndani ya hiyo hesabu kulikuwa na mashine za kuhesabia kura ambazo hakuna aliyepanga kuzinunua, Australia wenye mfumo huo huo wanahesabu kura za baraza la chini la bunge kwa mkono! Lakini nani abishane na picha ya mtoto mgonjwa bwana. Asilimia 68 wakasema hapana, sisemi ni picha peke yake, ila ilifanya kazi yake.

Na Labour wasijifanye watakatifu, Aprili 2023 walimpachika Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo kutoka Conservative, kwamba hataki wanaodhalilisha watoto wafungwe, hesabu ya waliohukumiwa bila kufungwa wameanzia 2010 wakati jamaa kaingia bungeni 2015.

Yananihusu kwa sababu sisi wa Jumuiya ya Madola tukiishi huku kihalali tunapiga kura, vile vikaratasi vinadondokea mlangoni kwangu kama kwa jirani. Sitaki makubwa, wanasiasa wapelekwe kwa refa yule yule wa muuza sabuni, aliyedanganya atangaze kwa ukubwa ule ule.

Shangazi mpaka leo ananiuliza kama nimefika nyumbani kabla ya magharibi, na huku wakati wa baridi magharibi inaingia saa kumi jioni bado niko kazini.

Msomaji wenu,
Milton Keynes, Uingereza